Prosesa 280 na skrini nyeusi

Leo sina habari za foleni ya kafeteria wala za bumu kuchelewa, hizo mmeshazizoea. Leo nina ubishi, na ubishi wenyewe ni wa fimuwea. Najua nusu yenu mmeshaanza kufunga ukurasa. Subirini kidogo jamani, nitaongea lugha ya watu, maana jambo hili lina mtu ndani yake, tena mtu na mradi wake wa mwaka wa mwisho.

Ubishi ni huu. Hapa chuo mashine ikigoma kuwaka tuna watuhumiwa wawili tu: Linux (au Windows) na umeme. Katikati yao eti hakuna kitu. Chukua desa lolote la mifumo endeshi. Ukurasa wa kwanza mashine inawashwa, ukurasa wa pili kerneli tayari inagawa kazi kwa prosesa. Nani aliziamsha hizo prosesa? Nani alizihesabu? Nani aliiambia kerneli ziko ngapi? Kimya. Mimi nasema ukurasa huo uliorukwa ndio unaoangusha mashine zenye prosesa nyingi, hasa mashine pepe. Na ugonjwa wake karibu kila mara ni wa namna moja: anayejua idadi hajamwambia anayehesabu, au anayehesabu amepewa daftari dogo kuliko darasa.

Kwa asiyejua, fimuwea ni ile programu ya kwanza kabisa kuendeshwa mashine inapopata umeme. Kwenye kompyuta halisi imo ndani ya chipu ya ubao mkuu. Kwenye mashine pepe, yaani mashine inayoigizwa na emuleta kama QEMU, fimuwea ni faili tu kama mafaili mengine. Kwa mashine za ukoo wa Intel na AMD zinatumika sana mbili: SeaBIOS, inayofuata desturi ya BIOS ya zamani, na OVMF, ya mtindo wa UEFI, inayotoka kwenye mradi wa EDK2. Kazi yao ni kuamsha prosesa, kuzihesabu, kuweka majedwali ya taarifa kwenye memori, halafu kumkabidhi kerneli funguo za nyumba na kuondoka. Mengine ni mbwembwe za nembo.

Tuanze na kuhesabu, maana hapo ndipo penye utamu.

Mashine ikiwashwa inaamka prosesa moja, tuiite kiranja. Nyingine zote zimelala. Kiranja anapiga kelele mara moja, wote wanasikia, kila mmoja anaamka na kuja kujiandikisha. Swali: kiranja atajuaje kwamba wote wamefika? Kwenye EDK2 jibu la kawaida lilikuwa saa. Piga kelele, subiri milisekunde 50, aliyejiandikisha ndiye aliyepo. Kwenye chuma halisi hiyo inatosha. Prosesa halisi ikiitwa inaamka, haina mahali pengine pa kwenda.

Prosesa pepe je? Hiyo ni uzi tu wa programu unaongoja zamu kwenye prosesa halisi. Ukiwa na prosesa pepe 64 juu ya laptopu yenye 4, zinapanga foleni kama sisi dirishani siku ya kusaini. Milisekunde 50 zinaisha wengine bado wako nje ya mlango. Kiranja anafunga daftari. Kwa hiyo mashine ile ile, faili lile lile, leo inaweza kukuonyesha prosesa zote na kesho zikapungua, na mwenye mashine anaapa kwa jina la mama yake kwamba hajagusa kitu. Na kweli hajagusa. Kilichobadilika ni kwamba leo alikuwa amefungua na muziki.

Kichekesho ni kwamba QEMU, iliyoziumba prosesa hizo, idadi inaijua kwa uhakika kabisa. Haina haja ya kukisia. Mwaka 2016 ndipo OVMF ilipobadilishwa ikaanza kuiuliza QEMU idadi kupitia fw_cfg, kile kidirisha ambacho emuleta humpitishia fimuwea taarifa. Pamoja na hilo muda wa kusubiri ukawekwa kuwa namba kubwa kuliko zote zinazoingia kwenye biti 32. Ukihesabu kwa mikrosekunde ni kama dakika 71. Msishtuke, hakuna anayesubiri dakika 71. Maana yake ni kwamba saa imeondolewa kwenye hesabu. Kiranja anangoja mpaka idadi itimie, na ikitimia anaendelea sekunde hiyo hiyo. Mimi hayo nayahesabu kuwa moja ya marekebisho ya maana kabisa kwenye eneo hili, na wala hayakufanya kitu chochote kiende kasi zaidi. Yalimlazimisha tu anayejua aseme.

SeaBIOS kwa upande wake, ikiwa ndani ya QEMU, inangoja idadi na siyo saa. Ila nayo ina yake. Prosesa zote zinazoamka zinatumia steki moja, zinapokezana kwa kufuli: moja iko ndani, zilizobaki zinazunguka mlangoni zikiuliza "bado?", "bado?", "bado?". Pasi moja ghorofa nzima, siku ya mahafali. Kwenye chuma halisi mambo hayo yanaisha kufumba na kufumbua. Kwenye emuleta kila "bado?" ni kazi ya kweli inayokula prosesa yako halisi, na mwenye pasi anaweza kuwa amenyimwa zamu ili muulizaji apate nafasi ya kuuliza tena. Ndiyo maana kuongeza prosesa pepe kunaweza kufanya mashine ichelewe kuwaka kuliko kawaida, na mtu anadhani imekufa. Anaizima. Kumbe ilikuwa inapiga pasi.

Kuhesabu ni nusu ya mambo. Nusu nyingine ni namba za usajili, na hapa naomba umakini.

Kila prosesa ya ukoo wa x86 ina kitambulisho cha APIC, ndicho kinachotumika kuiita na kuipelekea intarapti. Kwa mtindo wa zamani kitambulisho hicho ni biti 8. Biti 8 zinakupa namba 0 hadi 255, na 255 yenyewe ilitengwa kumaanisha "nyote kwa pamoja". Zinabaki nafasi 255 za watu. Ndiyo sababu mashine ya QEMU ya mtindo wa i440FX, ile inayoitwa pc kwa kifupi, mwisho wake ni prosesa 255. Ukitaka kupita hapo unahitaji x2APIC, ambayo vitambulisho vyake ni vya biti 32. Na sharti la Intel ni kwamba kukiwa na prosesa yenye kitambulisho cha 255 au zaidi, fimuwea ndiyo inayotakiwa kuikabidhi mashine ikiwa tayari kwenye hali ya x2APIC. Kerneli haitakiwi kujitafutia yenyewe gizani. SeaBIOS ilijifunza hilo mwaka 2016, wakati mashine ya q35 ya QEMU ilipopandishwa hadi prosesa 288. Kwa nini 288 na siyo 300 au 512? Kwa sababu ya chipu moja ya Intel ya wakati huo, Xeon Phi iliyoitwa Knights Landing: viini 72, kila kiini nyuzi 4. 72 mara 4. Kikomo kilishonwa kwa vipimo vya mteja.

Sasa kuna wanaosema, "mimi nina 250 tu, niko chini ya 255, hayo hayanihusu." Hebu tupige hesabu pamoja. Ipangie mashine yako soketi 50, kila soketi viini 5. Jumla 250. Lakini kitambulisho hakitolewi moja, mbili, tatu kama namba za mtihani. Kinajengwa kwa vipande vya biti: kipande cha soketi na kipande cha kiini. Viini 5 haviingii kwenye biti 2, vinahitaji 3, na biti 3 ni nafasi 8. Kwa hiyo kila soketi inakalia namba 8 na kutumia 5, tatu zinabaki tupu kama viti vya mbele darasani. Soketi ya mwisho, ambayo ni ya 49 ukianza na sifuri, inaanzia 392. Prosesa ya mwisho inapewa 396. Una prosesa 250, na kitambulisho cha 396! Umeshatoka nje ya biti 8 zamani sana. Panga hizo hizo 250 kwa namna nyingine, soketi moja yenye viini 250, na unarudi ndani. Idadi ni ile ile, mashine mbili tofauti kabisa mbele ya fimuwea.

Hapa QEMU naipongeza. Ukiipa mpangilio wa namna hiyo mahali ambapo x2APIC haipo, inakataa kabla haijawasha kitu, na inakuambia mpangilio wako unahitaji nini. (Emulesheni tupu, ile isiyosaidiwa na KVM, haikuwa na x2APIC mpaka toleo la 9.0 la mwaka 2024, kwa hiyo kataa hilo lilikuwa la kawaida.) Na kuna kijisehemu kingine nakipenda mno. Zamani idadi ya prosesa ilikuwa inaachwa kwenye kituo kimoja cha CMOS, baiti moja tu, fimuwea iisome hapo. Prosesa zilipozidi uwezo wa baiti moja kulikuwa na njia rahisi ya kivivu: acha namba ijikate yenyewe, 300 isomeke 44, liwalo na liwe. Hawakufanya hivyo. Waliandika sifuri kwa makusudi, ili BIOS ya zamani ianguke kistaarabu, na BIOS mpya iende kuuliza kwenye fw_cfg, ambako namba ina biti 16. Sifuri ya makusudi. Ukiona mtu kaweka sifuri ya namna hiyo ujue alimfikiria atakayekuja kukesha na tatizo hilo usiku.

Kumbe sasa nimfikie mtu wangu.

Kuna kaka wa chumba cha jirani hapa hosteli, mwaka wa mwisho. Mada yake ilikuwa kuchunguza jinsi nyuzi za Linux zinavyogombania kufuli prosesa zinapokuwa mamia. Mada nzuri, imepitishwa, imegongwa muhuri. Sava ya namna hiyo hapa hatuna, kwa hiyo akatumia QEMU juu ya laptopu yake ya prosesa 4. Akaomba 300. Toleo lake lilikuwa la kabla ya 2023, likamkatalia pale pale: mwisho 288. Vizuri, ameambiwa. Akashusha hadi 280, akaipa mashine gigabaiti 6 za memori, na kwa kuwa programu ya kusimamia mashine pepe ilimchagulia OVMF yenye Secure Boot, akaiacha hivyo hivyo. Akawasha. Skrini nyeusi. Hakuna nembo, hakuna ujumbe wa kosa, hakuna hata mstari mmoja. Kwa prosesa 200 inawaka, kwa 280 kiza.

Siku ya kuonyesha maendeleo jopo likaona kiza. Mmoja akasema Linux haiwezi prosesa nyingi namna hiyo. Mwingine akasema laptopu haina uwezo. Hitimisho, abadilishe mada. Imebaki miezi minne, na anaanza upya.

Kwanza kabisa, Linux haikuwa imeamka. Kumlaumu mtu aliyelala kwa ugomvi uliotokea mlangoni siyo haki. Pili, uwezo wa laptopu ungeleta uzito, usingeleta kiza cha moja kwa moja kinachoanzia kwenye namba fulani. Kitu kinachofanya kazi kwa 200 na kufa kabisa kwa 280 kinanuka kikomo. Mahali fulani kuna chumba kimejaa.

Na chumba kipo. OVMF iliyojengwa kwa ajili ya Secure Boot kwa usalama hutumia SMM, hali ya faragha ya prosesa ambayo hata kerneli haiwezi kuchungulia. Hali hiyo ina memori yake iliyofungiwa, na kwenye mashine ya q35 kipande chake kikuu kinaitwa TSEG. Kila prosesa lazima iwe na eneo lake humo ndani: steki yake, mahali pa kuhifadhi rejista zake, na kadhalika. Kwenye chipu halisi ya Q35, ile ambayo QEMU inaiiga, TSEG kubwa kabisa ni megabaiti 8. QEMU kuanzia toleo la 2.10 la mwaka 2017 ikabuni TSEG iliyopanuliwa, kitu ambacho chipu halisi haina, na kipimo chake cha kawaida ni megabaiti 16. Nenda kwenye nyaraka za libvirt, wameandika wazi: 16 zinatosha kama prosesa 272 hivi, ukiwa na gigabaiti 5 za memori. Au prosesa 48 ukiwa na terabaiti 1, maana memori kubwa nayo inataka majedwali ya kurasa humo humo.

272 na gigabaiti 5. Yeye alikuwa na 280 na gigabaiti 6.

Dawa ni mstari mmoja: TSEG megabaiti 48. Mashine ikawaka. Prosesa zenye vitambulisho vya juu bado zilikataa kuamka, lakini hapo sasa Linux ilikuwa macho na ilisema yenyewe sababu: intarapti za vifaa zinabeba anwani ya biti 8 tu, kwa hiyo bila IOMMU yenye kuzigeuzia njia haiwezi kuzitumia prosesa za ng'ambo ya 255. Akaongeza IOMMU ya Intel kwenye mpangilio, zikaamka zote 280. Mnaona tofauti? Kosa la kerneli lilikuja na maelezo. Kosa la fimuwea lilikuja na kiza. Barua ya kubadilisha mada ilikuwa imeshatoka. Ameandika kuomba irudiwe kuangaliwa, anasubiri.

Hapa nina neno kwa wakubwa zangu wa jopo, kwa heshima zote, shikamooni. OVMF iliyojengwa kwa ajili ya kutafuta makosa inaandika kila hatua yake kwenye mlango wa 0x402, na QEMU inaweza kuyakusanya maandishi hayo kwenye faili. Ni jambo la dakika tano. Mwanafunzi akija na skrini nyeusi, swali la kwanza liwe "faili la fimuwea linasemaje?" Mkilisoma mkaona ameshindwa, mpeni sapu, mpeni chochote. Lakini msimhukumu kwa kiza.

Na kwa watengenezaji nina lawama pia, msidhani nawaogopa kwa kuwa wako mbali. Najua utetezi wao, kwamba ukubwa unaohitajika wa TSEG haupigiki hesabu kwa uhakika, nyaraka zenyewe zinakiri hivyo. Sawa. Lakini QEMU inajua prosesa ni 280, inajua memori ni kiasi gani, inajua TSEG ni 16. Siombi hesabu ya uhakika, naomba onyo. "Kwa idadi hii huenda TSEG isitoshe." Mtu akisoma hilo anajua pa kuanzia. Walioweka sifuri kwenye CMOS waliweza kumfikiria mtu wa namna hii.

Kuna mwenzangu alinibishia juzi tukiwa kwenye kahawa: "Kwani nani ana mashine ya prosesa 300? Mnashughulika na matatizo ya matajiri." Jibu la kwanza, siyo matajiri sana. AMD ilitoa mwaka 2023 chipu ya EPYC yenye viini 128 na nyuzi 256; ubao wa soketi mbili una prosesa 512 machoni pa kerneli. Mwaka 2024 ikatoa ya viini 192, soketi mbili zinafika 768. Hizo ni sava za kununuliwa dukani. Jibu la pili ndilo kubwa zaidi kwangu: sisi ndio tusiozigusa. Mwanafunzi mwenye chumba cha sava karibu naye anaweza kujifunza kwa kushika. Sisi emuleta ndiyo chumba chetu cha sava. Fimuwea ikituzimia taa kwenye 280 hatuna pa kuhamia, tunahamishiwa mada.

Na si x86 peke yake. Ukiiga mashine ya ARM kwa ubao wa virt wa QEMU ukatumia kidhibiti cha intarapti cha GICv2, mwisho wako ni prosesa 8. Nane! Hamia GICv3 unaruka hadi 512. Tofauti ni neno moja kwenye amri, na nimeona watu wakihitimisha kwamba "ARM haiwezi".

Sasa niseme upande ambao marafiki zangu wa kushabikia namba kubwa hawapendi kuusikia, maana kupanua daftari kuna gharama, na gharama hulipwa na asiyehusika.

Kati ya majedwali ambayo mashine inaanza nayo kuna la SMBIOS, linaloeleza mashine ni ya aina gani, ina namba gani ya utambulisho, ina soketi na memori za namna gani. Kichwa cha mtindo wa zamani wa jedwali hilo kinaandika urefu wake kwa biti 16, kwa hiyo lisizidi baiti 65,535. Kila soketi ina kibarua chake humo. QEMU kabla ya toleo la 6.2, usipoipangia, ilikuwa inaichukulia kila prosesa uliyoomba kuwa ni soketi nzima peke yake, na hata baadaye ukiongeza sana jedwali linafurika. Walipotaka kufika prosesa 1024, mwaka 2023, ilibidi wahamie kichwa cha SMBIOS 3.0, ambacho urefu wake ni biti 32. Kwa nini usihame? Kimepangwa tangu 2015, kimekomaa, Linux inakijua. Wakakifanya kuwa cha kawaida kwa mashine zote mpya, za prosesa 1024 na za prosesa 2.

Halafu Windows ikapofuka. Ikiwashwa juu ya SeaBIOS, kianzishi cha Windows 10 kilikuwa kinatafuta alama ya kichwa cha zamani peke yake. Kichwa kipya kipo palepale kwenye memori, hakikioni. Ajabu ni kwamba ikionyeshwa jedwali lilipo inalisoma vizuri tu. Haijui kutafuta, kusoma inajua. Kwa hiyo mtu mwenye Windows yake ya prosesa mbili, ya kuendeshea programu ya uhasibu pengine, akapoteza jedwali zima ili mtu mwingine apate prosesa elfu.

Marekebisho yalikuja 2024: mpangilio wa kawaida ukawa wa kujichagulia. QEMU inajaribu kwanza kichwa cha zamani. Jedwali likitosha humo, basi linakaa humo. Lisipotosha ndipo inatumia kipya. Mwaka huo huo kikomo cha q35 kikapanda hadi 4096, na EDK2 nayo ikabidi irekebishwe, kwa sababu prosesa zikikabidhiwa kutoka hatua moja ya fimuwea hadi nyingine orodha yao inabebwa kwenye kifurushi ambacho urefu wake, mmeshakisia, ni biti 16. Wakaruhusu vifurushi vingi badala ya kimoja.

Kuna watakaosema huko kujichagulia ni uchafu, kwamba ilitakiwa Windows ilazimishwe ijirekebishe. Mimi nasimama na uchafu. Mwenye prosesa 1024 ana watu wa kumsaidia na anajua anachoomba; mwambie aandike mstari wa ziada. Mwenye prosesa mbili hakuomba chochote, hajui hata kwamba SMBIOS ipo, na hana sababu ya kujua. Mpangilio wa kawaida ni wake yeye.